Video za kupiga risasi mitungi ya gesi: Kinachoonekana, kinachofichwa na cha kumwambia mtoto

Msimu wa likizo simu ya mzazi huwa na wamiliki wawili. Mchana ni ya mtoto, usiku inarudi kwa mwenyewe ikiwa haina chaji na ina historia ndefu ya video zilizotazamwa. Mzazi akipitia historia hiyo atakuta katuni, mpira, muziki, na mara nyingi aina moja ya video ambayo hakuitarajia: uwanja mtupu huko Marekani, mtungi wa gesi umesimamishwa mbele ya kilima cha udongo, na mwanamume mwenye miwani ya kukinga macho amelala chini nyuma ya bunduki ndefu.

Unafuata mlio, kisha vumbi, na pengine moto mkubwa unaopanda juu. Tukio linarudiwa taratibu mara tatu au nne, mshika bunduki anacheka, na simu inaleta nyingine inayofanana na hiyo.

Wazazi wengi wakikuta video hizo hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayefoka na kuzima simu, na kuna anayesema hayo ni mambo ya Wazungu kisha akaendelea na shughuli zake. Wote wawili wanamwacha mtoto na swali lake, maana mtungi aliouona kwenye video anaufahamu. Unafanana na ule ulio jikoni kwao, ambao mama yake huufungua kila asubuhi kuchemsha chai. Mtoto anajiuliza: kumbe na huu wetu ni bomu?

Swali hilo ni la msingi kuliko linavyoonekana. Mitungi ya gesi inazidi kuingia majumbani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na kwa kaya nyingi hiyo maana yake ni mtungi. Mtoto anayekua leo ataishi na mtungi maisha yake yote. Ni vyema akaujua kama ulivyo, badala ya kuujua kama sinema inavyouonyesha.

Sinema ilivyoanza uongo

Imani kwamba risasi moja inaweza kulipua mtungi ilienezwa na filamu. Mfano unaofahamika zaidi ni filamu ya Jaws ya mwaka 1975, ambamo mkuu wa polisi anapiga risasi mtungi wa hewa wa wapiga mbizi ulio mdomoni mwa papa, na papa anasambaratika vipande vipande. Katika Casino Royale ya mwaka 2006, James Bond anapiga mtungi wa gesi kwa bastola na kupata mlipuko wa kumsaidia kutoroka.

Watayarishaji wa kipindi cha televisheni cha MythBusters cha Marekani, kilichoongozwa na Adam Savage na Jamie Hyneman, waliyajaribu madai yote mawili mbele ya kamera. Mtungi wa mpiga mbizi ulipotobolewa na risasi haukutoa moto wowote. Hewa ilichomoka kwa nguvu na kuutupa mtungi huku na huku, basi. Mtungi wa gesi ya kupikia nao ulishinda bastola. Bunduki yenye nguvu zaidi iliutoboa, lakini kilichotokea ni gesi kuvuja. Ili wapate moto kama wa sinema, iliwalazimu kutumia bunduki ya mitutu mingi yenye risasi maalumu zinazowaka zikiwa hewani.

Hii ndiyo siri ya kwanza ambayo video nyingi za mtandaoni hazisemi. Mpira wa moto unaoonekana mara nyingi umeandaliwa. Kuna moto uliowashwa kando ya mtungi kabla ya risasi, au kuna risasi za kuwasha, au kuna kemikali ya mlipuko iliyofungwa pembeni. Mtoto anayetazama haambiwi hilo. Anaona risasi, kisha anaona moto, na anaunganisha mwenyewe.

Kwa nini mtungi hauwaki ovyo

Sababu inaeleweka hata na mtoto wa darasa la nne. Ili moto uwepo vinahitajika vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni, na joto la kuwasha. Ndani ya mtungi wa gesi kuna kitu kimoja tu, yaani gesi. Hewa haimo. Risasi ya kawaida inapopita inaacha tundu, gesi inatoka nje kwa kasi, na kama hakuna cheche wala moto karibu, inasambaa.

Presha nayo huchanganya watu. Gesi ya kupikia imo ndani ya mtungi kama kimiminika, na presha yake katika hali ya joto la kawaida ni mara mbili au tatu hivi ya presha ya tairi la gari dogo. Chuma cha mtungi hujaribiwa kwa presha kubwa zaidi ya hiyo kabla ya kuingia sokoni. Mtungi wa mpiga mbizi ni hadithi nyingine: hewa yake hufika bari 200, karibu mara 90 ya tairi. Ndiyo maana ukitobolewa unaruka kama roketi ingawa hewa yenyewe haiungui.

Kwa hiyo mtungi una hatari mbili tofauti, na mzazi akizitenganisha atakuwa amemsaidia mtoto sana. Hatari ya kwanza ni presha, ambayo haihitaji moto ili idhuru. Ya pili ni gesi yenyewe kuwaka, ambayo inahitaji hewa na cheche. Mtungi wa oksijeni hospitalini, mtungi wa fundi wa kuchomelea na mtungi wa kuzimia moto vyote vina hatari ya presha. MythBusters waliwahi kuvunja makusudi valvu ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, na mtungi ukapenya ukuta wa matofali. Hapakuwa na bunduki wala moto. Kichwa cha mtungi kilivunjika, basi.

Somo la nyumbani hapo ni jepesi: mtungi wowote mrefu husimamishwa na kufungwa ukutani, haubiringishwi kama pipa, na mtoto haupandi wala haugeuzi kuwa kiti.

Wahandisi nao hupiga risasi

Si kila anayelenga bunduki kwenye mtungi anatafuta watazamaji. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu sheria inawataka, na kazi yao inamgusa mzazi wa Dar es Salaam moja kwa moja.

Magari na bajaji zinazotumia gesi asilia hubeba mitungi yenye presha ya bari 200, sawa na ule wa mpiga mbizi, chini ya kiti au kwenye buti. Abiria, wakiwamo wanafunzi, hukaa sentimita chache kutoka hapo kila siku. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa inayohusu mitungi hiyo, inayojulikana kama Kanuni namba 110, inataka aina ya mtungi ipitie majaribio kadhaa kabla ya kuidhinishwa. Mtungi hushindiliwa maji hadi upasuke ili ijulikane kikomo chake. Hujazwa na kupunguzwa presha maelfu ya mara kama vile unajazwa kituoni kila siku kwa miaka mingi. Huwekwa juu ya moto. Na hupigwa risasi.

Jaribio la risasi liko hivi: mtungi unajazwa gesi hadi presha yake ya kazi, kisha unapigwa kwa risasi ya kutoboa chuma yenye kipenyo kisichopungua milimita 7.62. Risasi lazima ipenye angalau upande mmoja. Mtungi unaofaulu ni ule unaotobolewa ukavujisha gesi bila kusambaratika vipande. Mtungi unaopasuka na kurusha vyuma umeshindwa, na hauruhusiwi kufungwa kwenye gari.

Kampuni ya Toyota ilisimulia jambo kama hilo mwaka 2014 ilipokuwa ikitambulisha gari linalotumia haidrojeni, ambalo baadaye liliitwa Mirai. Haidrojeni huwekwa kwa presha ya bari 700, zaidi ya mara 300 ya tairi, ndani ya mtungi uliozungushiwa nyuzi za kaboni. Mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo Marekani, Bob Carter, alieleza kwamba risasi za bunduki ndogo ziligonga mtungi na kudunda. Zilihitajika risasi za kutoboa chuma za kaliba .50, zenye kipenyo cha milimita 12.7, ndipo tundu likapatikana. Hata hapo mtungi haukulipuka, haidrojeni ilivuja tu.

Hapa ndipo palipo na tofauti ambayo mtoto wa miaka 10 anaweza kuielewa akielezwa vizuri. Anayetengeneza video anafurahi kitu kikilipuka. Mhandisi anafurahi kisipolipuka. Jaribio zuri la mhandisi halina cha kutazama: mlio mmoja, tundu dogo, sauti ya gesi ikitoka, kisha kimya. Video ya namna hiyo hakuna atakayeisambaza, lakini ndiyo inayomlinda abiria wa bajaji.

Mzazi anayetumia gari la gesi asilia ana jambo la kuchukua hapo. Ulinzi huo upo pale tu mtungi ulipoidhinishwa, umefungwa na karakana inayotambuliwa, na unakaguliwa kwa wakati. Mtungi wa kuokoteza uliofungwa na fundi wa mtaani kwa waya haujapita jaribio lolote kati ya hayo.

Anayeumia ni aliye nyuma ya bunduki

Siri ya pili ya video hizi ni kwamba hatari kubwa mara nyingi haipo kwenye mtungi. Ipo upande wa pili, alikolala mwenye bunduki.

Risasi ya bunduki kubwa ya kaliba .50 ina uzito wa gramu 40 na ushei na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 900 kwa sekunde. Nguvu yake ni zaidi ya mara 30 ya risasi ya bastola ya kawaida. Nguvu hiyo yote huzaliwa ndani ya chumba kidogo cha chuma, sentimita chache kutoka kwenye shavu la mpigaji.

Aprili 2021, mtengeneza video mmoja maarufu wa jimbo la Kentucky, Marekani, alikuwa akipiga risasi bomba la maji la zimamoto kwa bunduki ya aina hiyo. Alikuwa na uzoefu wa miaka, alivaa miwani, na baba yake alikuwa pamoja naye. Risasi moja ya zamani ilitoa presha kubwa kupita uwezo wa bunduki. Kifuniko cha nyuma kiling'oka na vipande vya chuma vikamrudia. Mfupa wa kuzunguka jicho ulivunjika, pafu lilitobolewa na mshipa mkubwa wa damu shingoni ukakatwa. Aliokoka kwa sababu alijiziba tundu la shingo kwa kidole gumba huku baba yake akimkimbiza kupata msaada. Baadaye aliisimulia ajali hiyo mwenyewe, na ni miongoni mwa video chache za aina yake zinazofaa kutazamwa na kijana aliyekwisha kukomaa.

Tukio la Minnesota la Juni 2017 lilikuwa na mwisho mbaya zaidi. Kijana wa miaka 22 aliyetaka umaarufu wa YouTube alimshawishi mwenzake wa miaka 19, mjamzito wa mtoto wao wa pili, ampige risasi kwa bastola ya kaliba .50 akiwa ameshika kitabu kinene kifuani. Alimwonyesha kitabu kingine alichokuwa amekijaribu kabla, ambacho risasi haikutokeza upande wa pili. Safari hii ilitokeza. Alifariki huku kamera zikirekodi, na mwenzake alihukumiwa kifungo.

Kijana huyo hakuwa mjinga kuliko vijana wengine. Alifanya jaribio moja, likafaulu, akaamini amejua. Hicho ndicho video hufundisha watoto bila kusema: kwamba kilichofaulu mara moja mbele ya kamera kitafaulu tena. Wahandisi hurudia jaribio kwa sababu wanajua mtungi mmoja si ushahidi wa mitungi yote, na kitabu kimoja si ushahidi wa vitabu vyote.

Masikio nayo yasisahaulike. Mlio wa bunduki kubwa huvuka desibeli 160. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mlio wa ghafla usizidi desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Seli ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Kwenye simu mlio huo umepunguzwa na spika, kwa hiyo mtoto anadhani bunduki inalia kama puto. Fataki na baruti za sikukuu, ambazo watoto wa hapa huzipata kwa urahisi kuliko bunduki, zikilipuka karibu na sikio nazo huvuka kiwango hicho cha mtoto.

Tundu na moto, kipi kibaya zaidi?

Mtoto akishaambiwa kwamba risasi hailipui mtungi kirahisi, anaweza kukimbilia upande wa pili na kuona mtungi hauna shida. Hapo ndipo mzazi asipokuwa makini atabomoa alichojenga. Kilicho hatari kwa mtungi wa nyumbani ni moto.

Risasi ikitoboa, presha inatoka. Moto ukiwa nje ya mtungi, presha inaongezeka. Kimiminika kilichomo kinachemka, mvuke unajaa juu, na chuma cha sehemu ya juu, ambacho hakina kimiminika cha kukipoza, kinalainika. Kikichanika, kimiminika chote kinageuka gesi kwa mara moja, na ujazo wake unaongezeka zaidi ya mara 200. Gesi hiyo inakutana na moto ulioko nje. Huo ndio mlipuko wa kweli, na haukuhitaji bunduki.

Tarehe 19 Novemba 1984, kituo cha kuhifadhia gesi cha San Juan Ixhuatepec, pembezoni mwa Jiji la Mexico, kilipata uvujaji ulioshika moto. Matangi yalilipuka moja baada ya jingine kwa sababu kila moja lilikuwa linachomwa na moto wa jirani yake. Watu wapatao 500 walipoteza maisha, wengi wakiwa wamelala majumbani mwao. Karibu zaidi na hapa, usiku wa Februari 1, 2024, gari lenye gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, katika eneo la kujazia gesi ambalo mamlaka ya nishati ilisema halikuwa na kibali. Watu walikufa na mamia walijeruhiwa, wakiwamo watoto waliokuwa nyumbani.

Jikoni, hatari huanza kwa kidogo zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka sakafuni na kutambaa chini ya meza, hadi mlangoni, hadi ilipo cheche. Haina harufu ya asili, ile harufu ya kitu kilichooza imeongezwa kiwandani makusudi ili pua ya mama iwe kengele.

Kuna pia mtungi mdogo ambao hakuna anayeuita mtungi: kopo la dawa ya mbu ya kupuliza, la manukato, la rangi. Nalo lina presha, na mara nyingi kinachosukuma dawa itoke ni gesi inayowaka. Ndiyo maana limeandikwa lisiachwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 50 na lisitupwe motoni hata likiwa tupu. Katika mitaa mingi takataka huchomwa nyuma ya nyumba, na watoto ndio hutumwa kuzipeleka. Mtoto aliyeona video ya mlipuko, akiwa na kopo mkononi na moto mbele yake, hahitaji bunduki ya kaliba .50 ili aumie uso.

Mzazi afanyeje?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa jambo hili wembe hautolewi, lakini pia haufichwi bila maelezo. Mambo yafuatayo yanawezekana katika nyumba yoyote.

*Kutazama pamoja, mara moja.* Badala ya kunyang'anya simu, mzazi akae na mtoto waitazame video moja hadi mwisho, kisha amuulize maswali: Moto umetoka wapi? Kulikuwa na nini pembeni ya mtungi kabla ya risasi? Huyu mtu amejiweka umbali gani? Hajaonyesha nini? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo ni vigumu kudanganywa na video inayofuata.

*Kuangalia umri ulioandikwa kwenye akaunti.* YouTube iliongeza masharti Juni 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 18 kuona baadhi ya video za silaha, zikiwamo za bunduki zinazomwaga risasi mfululizo. Sharti hilo halifanyi kazi kama mtoto anatumia akaunti ya baba mwenye miaka 40. Mtoto mdogo afunguliwe programu ya watoto au akaunti inayosimamiwa na mzazi.

*Kumwonyesha mtungi wa nyumbani.* Aonyeshwe valvu, regulata na mpira, na namna ya kufunga. Apakwe povu la sabuni kwenye maungio aone kama kuna mapovu yanayoongezeka, ambayo ni dalili ya kuvuja. Aambiwe kabisa kwamba kuvuja hakutafutwi kwa kiberiti. Mtungi ukae wima, penye hewa, mbali na moto wa mkaa.

*Kumpa amri fupi za siku ya hatari.* Ukisikia harufu ya gesi: usiwashe wala usizime taa, usiguse simu ukiwa ndani, fungua mlango na madirisha, funga valvu kama unaifikia bila hatari, toka nje na wadogo zako, mwite mtu mzima. Mtungi ukiwa ndani ya moto: kimbia, usirudi kuchukua chochote. Nchini Tanzania Zimamoto hupatikana kwa namba 114, na mtoto anayejua kupiga simu aifahamu kwa kichwa.

*Kutenga makopo.* Makopo ya kupuliza yawekwe kwenye mfuko wake wakati wa kukusanya taka, na yasiingie kwenye shimo la kuchomea. Kazi ya kuchoma taka ifanywe na mtu mzima.

*Kujua huduma ya kwanza.* Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu, dawa ya meno, yai, asali na mafuta havifai. Vua pete, bangili na nguo ambazo hazijanata kwenye ngozi, funika jeraha kwa kitambaa safi na mpeleke kituo cha afya. Moto ukiwa umeshika uso, mikono, sehemu za siri, au aliyeungua akiwa mtoto mdogo, hospitali ni lazima hata kama jeraha linaonekana dogo. Vivyo hivyo kwa aliyevuta moshi ndani ya chumba.

Wapo wazazi wanaofahamu jambo ambalo halijulikani sana: gesi iliyo katika hali ya kimiminika huunguza kwa baridi. Propani huchemka ikiwa nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ikimwagikia mkono hugandisha ngozi. Mkono huo hausuguliwi wala hauwekwi karibu na moto. Hutumbukizwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha hospitali.

Akiuliza swali lake

Siku moja mtoto atauliza lile swali: na huu wetu ukipigwa risasi? Mzazi ana jibu. Utatoboka, gesi itavuja, na kama kuna moto karibu itawaka, na kama hakuna itasambaa. Kisha aongeze sehemu ambayo video haina: hakuna mtu atakayekuja kuupiga risasi mtungi wetu, ila sisi wenyewe tunaweza kuusahau wazi, kuuweka karibu na jiko la mkaa, au kuchelewa kubadilisha mpira uliochakaa.

Kwa maneno hayo mtoto haogopi tena jiko la mama yake, wala halidharau. Na mpira wa gesi uliochakaa, kama upo, unaweza kubadilishwa wiki hii hii.